Nitafutie feni za MR2

Isevya, Tabora
Oktoba

Swahiba Baba Nasra,

Mwangaluka! Assalaam aleikum. Habari za Dar na watoto? Ile namba yako ya zamani kila nikiipiga naambiwa haipatikani, kwa hiyo nampa shemeji yako barua hii, anapanda basi kesho alfajiri. Mama hajambo, goti tu ndilo linamsumbua. Mvua bado, na joto la mwezi huu unalijua mwenyewe. Nina shida, na shida yenyewe ni ile MR2, kale kagari kangu ka Toyota chenye injini nyuma ya viti.

Usicheke. Bado ninayo, na Jumamosi iliyopita ndiyo iliyombeba binti wa yule mzee wetu wa stesheni. Viti viwili tu, dereva na bibi harusi. Bwana harusi akapandishwa Noah pamoja na mashangazi, uso kaukunja mpaka ukumbini. Sasa, wiki hiyo hiyo nilitoka Nzega nimekanyaga, mshale wa joto umetulia chini ya nusu njia nzima. Lakini msafara wa harusi unakwenda kwa mwendo wa matarumbeta. Kufika Kanyenye mshale ukaanza kupanda, nikazima AC, ukaendelea kupanda, nikazima gari kabisa. Mvuke ukatoka nyuma. Vijana wa bodaboda wakakimbilia kufungua boneti ya mbele ili wasaidie, wakakuta tairi la spea. Mmoja akapiga kelele, "Jamani, injini imeibiwa!" Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamwagika.

Gari ikitulia safarini halafu ikachemsha mjini, mimi wa kwanza kumshuku ni feni. Barabarani upepo unapita wenyewe kwenye rejeta. Ukisimama, feni ndiyo inabaki na kazi yote.

Kesho yake tukaikagua na fundi wetu wa chini ya mwembe. Fyuzi nzima. Nikawasha swichi bila kupiga stata, nikachomoa soketi ya swichi ya joto. Toyota za miaka ile zina ujanja wake: swichi hiyo ikiwa ya baridi ndiyo inayoizuia feni, ikipata moto inaachia. Ukichomoa soketi, gari inadhani maji yamechemka, feni zinatakiwa zizunguke zote. Rilei, ile swichi ya umeme inayowasha feni, ikalia ka! Feni ya kulia ikazunguka kivivu, ya kushoto kimya. Testa kwenye waya zake ikawaka vizuri tu. Tukaitoa soketi, tukaiunga mota moja kwa moja na betri, bado. Fundi akaigonga mgongoni kwa mpini wa bisibisi, ikashtuka, ikazunguka kidogo, ikalala tena. Kaboni zinazopitisha umeme ndani ya mota zimekwisha. Na soketi yenyewe imeungua, plastiki imekuwa ya kahawia na pini moja imeshikana nayo, maana mota ikichoka inavuta umeme mwingi kabla haijafa.

Hapo ndipo tulipogombana. Fundi anataka kutoa thamostati kabisa, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, halafu aiunge dairekti ile feni moja iliyobaki, swichi iwe kwenye dashibodi. Anasema magari yote ya mji huu yako hivyo, na kweli mengi yako hivyo. Lakini ukitoa thamostati injini haifikii joto lake, inakula mafuta bure. Na swichi ya mkono inamtegemea dereva akumbuke. Mdogo wangu unamjua, akishafungulia muziki hakumbuki hata taa. Siku gasketi ya silinda hedi ikiungua, nani atalipa?

Kwa hiyo naomba unipitie Ilala kwenye spea za mitumba. Feni zote mbili tafadhali, maana ile ya kulia nayo inaaga. MR2 iliyochinjwa hutaipata kirahisi, lakini mota ya Toyota nyingine ya miaka ya 90 inaweza kukubali kama matundu ya skrubu yanalingana. Ndani ya bahasha kuna kipande cha boksi nilichochora matundu na upana wa mapanga; kiweke juu ya mota, usiwasikilize wakisema "inaingia tu, bosi". Mwambie muuzaji akate na soketi yake pamoja na waya, angalau shubiri moja, nina pa kuziunga. Asikuzungushie kwa kidole, aiweke kwenye betri ya volti 12 na uisikilize, ikikwaruza, iache. Halafu shika karatasi upande wa kava unaoelekea rejeta. Inatakiwa inase. Ikisukumwa, waya zimegeuzwa, feni inazunguka kinyume, na feni ya namna hiyo inapigana na upepo wa barabarani badala ya kuusaidia.

Na mfuniko wa rejeta, huo uwe mpya, kilo zile zile za presha zilizoandikwa kwenye huu wa zamani nilioufunga kwenye gazeti. Huku tuko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 96. Mfuniko ndio unaoyabana mpaka yavuke 100 bila kuchemka, na mpira wa huu wangu umepasuka.

Kazi ya kutoa hewa kwenye mabomba ya maji niachie mimi. Mabomba yanapita chini ya sakafu kutoka injini huko nyuma mpaka rejeta mbele, hewa ikibaki humo itachemsha hata na feni mpya. Fundi hapendi kazi hiyo, inamchosha, nami nitamsimamia.

Hela nimempa shemeji. Dumu la asali ni lenu, ya Sikonge hiyo, usiwauzie Wazaramo wenzako. Mwisho wa Novemba ni harusi ya mpwa wangu na nimeshaahidi gari, bwana harusi ameshaanza kulalamika kuhusu viti.

Sasa nijibu: namba yako mpya ni ipi? Feni zitagharimu kiasi gani, hela itatosha au nikuongezee? Utazituma kwa basi au kwa treni? Na ile kesi ya kiwanja iliishaje? Nasra kamaliza shule? Krismasi mnakuja, au ni yale maneno ya mwaka jana?

Ndugu yako,
Baba Shija