Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vivuli vya Kampasi na Wanafunzi Wanaoishia Njiani

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita wa chama chetu cha washauri wa wanafunzi uliiagiza kamati ya utendaji ichunguze kama kuna uhusiano wowote kati ya maeneo ya kijani ya kampasi zetu na wanafunzi kubaki masomoni hadi kuhitimu. Hoja hiyo haikupita kirahisi, na baadhi yenu mlisema waziwazi kwamba mshauri wa wanafunzi ana kazi za maana kuliko kuhesabu miti. Naomba sehemu kubwa ya taarifa hii niitumie kuijibu hoja hiyo, kwa kuwa katibu na mweka hazina wameshayaeleza mambo mengine ya chama katika taarifa zao.

Kwanza niseme jambo ambalo hakuna kati yetu anayelipinga. Mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Tanzania anayeacha masomo huyaacha mara nyingi kwa sababu ya fedha, ama amekosa mkopo, ama amepata asilimia ndogo isiyotosha ada, ama aliyekuwa akimlipia amefariki au amefilisika. Wengine hudisko, yaani huondolewa chuoni kwa kufeli, baada ya sapu (mitihani ya marudio) kuwashinda, na wengine huahirisha mwaka kwa ugonjwa au uzazi kisha wasirudi. Mti haulipi ada, na kamati isingependa barua ya chama chetu kuhusu bustani itumiwe na yeyote kama kisingizio cha kutozungumzia mikopo. Lakini kila mmoja wetu amewahi kukutana na jina la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye ada yake ilikuwa imelipwa, alama zake za majaribio zilikuwa za wastani, hakuwahi kufika ofisini kulalamika, na ambaye ilipofika muhula wa pili hakuonekana tena. Vincent Tinto, msomi wa Marekani aliyechapisha nadharia yake mwaka 1975, alieleza kwamba uamuzi wa kuondoka hutegemea sana kiasi ambacho mwanafunzi amejiona kuwa sehemu ya chuo, kimasomo na kijamii. Kundi hili la wanaoondoka kimya ndilo linalotuhusu katika suala la vivuli.

Tafiti tulizozipitia ni za Marekani, na zina ngazi mbili ambazo hazina uzito sawa. Ngazi ya kwanza inahusu umakini wa akili, na hapa ushahidi unaridhisha. Mwaka 1995 Carolyn Tennessen na Bernadine Cimprich walichapisha matokeo ya kuwapima wanafunzi 72 wa shahada ya kwanza waliokaa mabwenini, ambapo wale ambao madirisha yao yalitazama miti na mimea walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya umakini kuliko wale waliotazama majengo. Mwaka 2008 Marc Berman, John Jonides na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwatembeza watu katika bustani ya miti ya Ann Arbor, na siku nyingine wakawatembeza katikati ya mji huohuo. Waliotoka bustanini waliweza kurudia mfululizo wa tarakimu kinyumenyume kwa usahihi zaidi, na waliotoka mjini hawakuonyesha nafuu kama hiyo. Maelezo ya Kaplan ni kwamba umakini tunaoulazimisha, kama ule wa kusoma kitabu cha takwimu kwa saa tatu, huchoka, na kwamba mazingira ya asili huupumzisha kwa sababu huvuta macho na masikio bila kuyalazimisha.

Ngazi ya pili ndiyo inayogusa kubaki chuoni moja kwa moja. Amir Hajrasouliha na Reid Ewing walichapisha mwaka 2016 ulinganisho wa vyuo vikuu vya utafiti 103 vya Marekani, na wakaona kwamba ukijani wa kampasi ni miongoni mwa sifa zinazoambatana na kiwango kikubwa cha wanafunzi wanaoendelea baada ya mwaka wa kwanza na wanaohitimu. Kamati inaichukua kazi hiyo kwa heshima lakini bila haraka. Uhusiano wa aina hiyo si sababu, na vyuo vyenye uwezo wa kutunza ukoka na misitu midogo mara nyingi ndivyo vyenye uwezo wa kuwafadhili wanafunzi na kuajiri wahadhiri wa kutosha. Mjumbe wa chama hiki akisimama mbele ya baraza la chuo chake na kudai kwamba kupanda miti kutapunguza wanaoacha masomo kwa asilimia fulani, atakuwa amesema asichoweza kukitetea.

Tunachoweza kukitetea ni kile tunachokiona kila siku. Kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako masomo yalihamia mwaka 1964, ilijengwa juu ya kilima chenye miti, na hadi leo tumbili wa pale wanajua dirisha lipi la bweni huachwa wazi. Ukipita saa nne asubuhi, mhadhara wa kwanza ukishatoka, utawaona wanafunzi wakishuka kwenda kwenye vimbweta, yaani zile meza za zege zenye mabenchi ya zege yasiyohamishika. Kimbweta kilichopo juani hubaki kitupu hadi jioni. Kilicho chini ya mti hujaa, na wakati wa mitihani mtu hukiwahi alfajiri kwa kuacha daftari juu yake na jiwe juu ya daftari. Pale ndipo panapofanyika diskasheni, pale ndipo tangazo la mhadhara ulioahirishwa hufika kwanza, na pale ndipo mwanafunzi aliyetoka Kakonko au Namtumbo bila kumjua mtu huombwa kalamu, kisha huulizwa anasoma kozi gani. Asipoonekana kwa siku tatu, kuna mtu atakayeuliza yuko wapi. Katika kazi yetu hakuna taarifa ya mapema iliyo bora kuliko hiyo, na haitoki ofisini kwetu.

Jambo la pili ni gharama ya kukaa. Bumu, yaani posho ya mkopo ya chakula na malazi, limekuwa shilingi 10,000 kwa siku tangu kiwango kilipopandishwa kutoka 8,500, na mwanafunzi anayeligawa kwa chai, mlo na chumba hawezi kukaa mgahawani saa mbili akisoma huku amenunua soda moja. Chumbani wanakobebana, yaani wanakolala wengi kuliko nafasi iliyopo, joto la Februari la Dar es Salaam halimruhusu kusoma mchana. Maktaba hujaa. Kivuli chenye benchi ni mahali pekee ambapo aliye na mkopo kamili na asiye na mkopo hukaa sawa, na kwa maoni yangu hoja hii inatosha peke yake, hata kama tafiti zote nilizozitaja zingewekwa kando.

Kwa sababu hiyo kamati imefikia msimamo ambao naomba mkutano uuthibitishe: tunachokitetea ni kijani cha kukaliwa. Kijani cha kutazamwa tu hakituhusu. Bustani nyingi mpya zina ukoka uliozungushiwa mnyororo, safu ya miashoki iliyonyooka kama nguzo isiyomtilia mtu kivuli, na kibao kinachokataza kukanyaga majani. Zinapendeza siku ya mahafali. Katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, miembe iliyokuwa na mabenchi chini yake ilikatwa kupisha maegesho ya magari, kisha miche ya mapambo ikapandwa mbele ya jengo la utawala, na katika ripoti ya mazingira eneo la kijani likaandikwa kuwa limeongezeka. Wajumbe wa kamati waliotembelea pale waliwakuta wanafunzi wameketi kwenye ngazi za dharura za jengo la madarasa.

Uchaguzi wa mti una maana kubwa, ingawa si fani yetu na tunapaswa kuwasikiliza wataalamu wa misitu. Mkungu hutanda vizuri ukanda wa pwani. Mwembe una kivuli kizito, ila msimu wa maembe mawe yanayorushwa huwafukuza wasomaji. Mkrismasi hupendeza, lakini matawi yake hukatika kwa upepo. Dodoma, ambako chuo kikuu kilianzishwa mwaka 2007 kwenye vilima vyenye jua kali na upepo, mwarobaini huvumilia pale ambapo miti mingine hukata tamaa. Tatizo la Dodoma ni kalenda. Mvua ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na miche hupandwa kwa shangwe wanafunzi wakiwepo, kisha likizo ndefu huangukia kiangazi na hakuna anayemwagilia. Mche hufa kabla ya waliochimba shimo kurudi. Bajeti ya kumlipa mtu wa kumwagilia katika miezi hiyo ni muhimu kuliko bajeti ya miche yenyewe.

Wanachama wanawake walituonya, na onyo lao limeingizwa katika msimamo wetu, kwamba kivuli cha mchana kisicho na taa huwa kichaka usiku. Mwanafunzi wa kike anayelazimika kupita hapo akitoka maktaba saa tatu usiku haoni faida yoyote ya ukijani huo. Kila ombi la vimbweta litakalopelekwa kwa jina la chama litaambatana na ombi la taa, la matawi ya chini kupunguzwa, na la njia kuonekana kutoka kwenye jengo la karibu.

Katika mwaka huu kamati iliandika barua kwa ofisi za mipango za vyuo vya wanachama ikiomba mshauri wa wanafunzi ashirikishwe kabla ya mti mkubwa kukatwa. Baadhi zimejibu vizuri, nyingine hazijajibu. Tumeandaa pia fomu fupi ya kujazwa na mwanafunzi anayeacha au kuahirisha masomo, inayomuuliza, pamoja na maswali ya fedha na alama, alikuwa akikaa wapi kati ya kipindi na kipindi, na pamoja na nani. Fomu zilizorudi bado ni chache mno kuweza kusema lolote, na ninawaomba msijaribu kusoma matokeo ndani yake kabla ya miaka miwili.

Kuhusu ada za uanachama, malimbikizo yamepungua, ila hayajaisha. Kiti cha makamu mwenyekiti kiko wazi na kitajazwa katika ajenda ya saba.

Naomba mkutano upitishe mambo mawili: msimamo wa kijani cha kukaliwa kama nilivyoueleza, na matumizi ya fomu katika kampasi zote za wanachama kuanzia muhula ujao. Mkikubali, katibu atazituma nakala kabla ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuripoti, na kila mwanachama atamjulisha jina la mtumishi atakayezikusanya katika chuo chake.

Mwenyekiti