Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: shangazi yangu amejaza fomu ya nne

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka kwetu Waogiek wa Msitu wa Mau. Najua una kazi nyingi, na kwa miaka mingi nimejizuia kukuandikia. Lakini Jumanne iliyopita shangazi yangu alijaza fomu ya nne ya kuorodhesha waliofurushwa msituni.

Alikuja kijana mmoja mwenye adabu zake, faili mkononi. Tukampa chai. Akauliza jina, nambari ya kitambulisho, ukoo, mwaka tuliofurushwa mara ya kwanza na mali iliyopotea. Shangazi akataja kila kitu: mizinga kumi na tisa ya mtarakwa, mbuzi sita, nyumba mbili. Kisha akamuuliza, "Mwanangu, zile tatu za kwanza kuna aliyezisoma?" Kijana akainamisha kichwa. Simlaumu. Ila tangu fomu ya kwanza hatujawahi kuambiwa huwa zinaishia meza ya nani.

Mheshimiwa, nakukumbusha mambo ambayo ofisi yako inayo kwa maandishi. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek, na ikatutambua kuwa watu asilia wa Msitu wa Mau. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamua juu ya fidia: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa maumivu ya moyo, zote ziingie katika mfuko wa maendeleo ya jamii. Na juu ya fedha hizo, ardhi yetu ipimwe na tupewe hatimiliki ya pamoja ndani ya miaka miwili. Hiyo miaka miwili imekwisha.

Wapo wanaosema sisi tunafuata pesa. Sensa ya 2019 ilituhesabu Waogiek zaidi ya 50,000. Ukizigawa fedha hizo zote, mtu hapati hata shilingi 3,200. Ni nani angezunguka mahakamani miaka yote hiyo kwa ajili ya shilingi 3,200?

Mawakili wetu waliomba pia serikali ituombe radhi hadharani. Mahakama ilikataa ombi hilo, ikasema hukumu yenyewe ni faraja ya kutosha. Nilipoambiwa hivyo nilikasirika. Nilimwona shangazi akiwa ametulia, nikamuuliza kwa nini. Akasema yeye alipona kidogo siku ile ya 2017, aliposikia watu waliovaa majoho wakitamka jina Ogiek. Maana shangazi yangu huyu alizaliwa akiitwa Ndorobo. Wakoloni walitutukana kwa jina hilo, na Tume ya Carter, tume yao ya ardhi ya miaka ya 1930, ikapendekeza tuhamishiwe kwenye maeneo ya makabila mengine, tumezwe humo, kana kwamba sisi si watu wenye kwao. Kwa hiyo nimeshuhudia kwa macho yangu kwamba maneno ya mkubwa yanaponya. Usiku ule shangazi alilala fofofo, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Ndiyo sababu inauma zaidi maneno hayo yanapovunjwa.

Tarehe 26 Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta alisimama bungeni akaomba msamaha kwa dhuluma za serikali zote zilizotangulia, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa miaka mitatu. Tulipiga makofi, Mheshimiwa. Mimi nilipiga makofi mbele ya redio, peke yangu jikoni. Tukangoja mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halafu tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles akiwa Nairobi akasema anasikitikia ukatili wa wakoloni, na nchi nzima ikasema masikitiko si msamaha, aombe radhi kwa kinywa chake. Tulisema kweli. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Novemba hiyohiyo, nyumba za Waogiek zilikuwa zikibomolewa Sasimwani, humu Mau. Ya shangazi yangu ilikuwa mojawapo. Waliokuja walivaa sare; sitawataja. Mvua ilikuwa inanyesha. Alitoka na kibuyu cha asali na picha ya marehemu mume wake, tukamleta kwangu, na hadi leo analala chumba kimoja na wanangu wanne. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara wangu unawatosha kwa chakula hadi tarehe ishirini, basi.

Mnasema mnalinda msitu. Mwaka 2001 serikali yenyewe ilitangaza kumega makumi ya maelfu ya hekta za Mau, na mahakama ya Arusha ilisema wazi kwamba uharibifu wa msitu hauwezi kubebeshwa Waogiek. Kwetu msitu uligawanywa kwa koo. Kila ukoo una ukanda wake, unaanzia chini penye joto na kupanda hadi juu kwenye mianzi, kwa sababu maua hayachanui wakati mmoja. Maua yakiisha huku chini, nyuki huhamia juu, na mwenye mizinga huwafuata. Mtu wa namna hiyo ukimpa ekari mbili uwandani na hundi, atafanya nazo nini? Na mti uliobeba mzinga wa baba yake ataukata wa nini?

Nadhani mnaogopa. Nadhani mnaona mkitupa sisi hatimiliki, kesho Endorois, jamii iliyofurushwa Ziwa Bogoria, watakuja na uamuzi wao wa kurudishiwa ardhi, unaongoja kutekelezwa tangu 2010, na wengine nyuma yao. Pengine kuna na wenye hati tayari ndani ya Mau ambao hamtaki kuwagusa. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inataja waziwazi ardhi za mababu na ardhi zilizokaliwa kwa desturi na jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Hatuombi upendeleo.

Tena siombi msamaha mwingine, Mheshimiwa. Siombi kamati. Hata zile fedha, nazo zitangoja ikibidi. Naomba tarehe. Tarehe ambayo wapimaji watafika na kamba zao, wakiwa pamoja na wazee wetu wanaojua mpaka wa kila ukoo ulipo. Wazee hao wanapungua, na shangazi yangu ni mmoja wa waliobaki ukoo wetu. Bado anaweza kutembea hadi mtoni na kuonyesha kwa fimbo. Mwaka ujao sijui kama magoti yatakubali.

Ameniambia fomu ya tano hataijaza. Tafadhali tupe tarehe.

Wako kwa heshima,
Mwalimu, binti wa Waogiek,
Mau