Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kuihuisha barabara yetu pamoja na wapangaji wake

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita niliwaahidi mambo matatu: mpango mmoja wa barabara nzima, kivuko salama katikati yake, na makubaliano ya kodi kati ya wenye majengo na wapangaji. Mpango tunao. Kivuko kimechorwa na kupitishwa, ila bado hakijajengwa. Makubaliano ya kodi hatujayapata, na hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko mengine yote.

Barabara yetu ilijengwa kwa ajili ya gari. Maduka yamekaa nyuma ya uwanja mpana wa lami, kila kiwanja kina lango lake na ukuta wake. Hatuko peke yetu katika hili. Mtindo huu ulishamiri katika vitongoji vya Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na ulipata nguvu zaidi kwa sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956. Mwaka huohuo jumba la maduka la Southdale lilifunguliwa huko Edina, Minnesota. Msanifu wake, Victor Gruen, alikusudia pawe kitovu cha mji, chenye makazi, shule na bustani kandokando. Yaliyoenea baada yake ni majumba yaliyozungukwa na maegesho, hata yeye mwenyewe akayakana uzeeni. Sisi tumerithi makosa hayo, na maduka makubwa yaliyokuwa yakituvutia wateja yalipohama, tulibaki na lami.

Ukubwa wa lami hiyo tuliuona kwa macho yetu. Wajumbe wa kamati walihesabu magari kila saa, siku za juma na mwisho wa juma, hata katika msimu wa shughuli nyingi kuliko yote. Safu ya nyuma haikujaa hata mara moja. Kando ya ukuta nyasi zimeota kwenye nyufa na mistari ya rangi imefutika. Nyasi zile zimesimama wima, hazijawahi kukanyagwa na tairi. Jioni ya siku moja ya kuhesabu, kwenye kituo cha basi, nilimwona mwanamke aliyebeba mtoto mkono mmoja na mfuko mkono wa pili. Alisubiri upenyo, akakimbia hadi kwenye tuta la katikati, akasimama pale magari yakimpita mbele na nyuma, kisha akakimbia tena. Mfuko ule ulikuwa na nembo ya duka la mmoja wenu. Tumetenga eneo kubwa kwa magari yasiyokuja, na mteja anayekuja kwa miguu hatujamtengea hata mita chache za kuvukia.

Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba maegesho ya bure hulipiwa na kila mtu, ndani ya kodi ya pango na bei ya bidhaa. Jiji la Buffalo, New York, lilifuta masharti ya idadi ya chini ya maegesho mwaka 2017. Sisi hatukuomba makubwa hivyo. Tuliomba viwanja vinavyopakana viruhusiwe kutumia maegesho kwa pamoja, halmashauri ikakubali, na kuta nne zitabomolewa ili gari litoke duka moja hadi jingine bila kurudi barabarani.

Baadhi yenu mlitaka tubomoe kila kitu tuanze upya, mkitoa mfano wa Belmar, mjini Lakewood, Colorado. Pale jumba la maduka la Villa Italia, lililofunguliwa mwaka 1966, lilifungwa mwaka 2001, na mahali pake pakachongwa mitaa yenye maduka chini na makazi juu. Ni kazi nzuri. Lakini ile ilikuwa ardhi ya mradi mmoja. Sisi tuna viwanja vingi, wenyewe wengi, na madeni ya kila namna. Mfano unaotufaa zaidi ni barabara ya Columbia Pike, katika Arlington, Virginia. Tangu mwaka 2003 wana kanuni zinazoelekeza jengo likae wapi, liwe na urefu gani na liache njia pana kiasi gani ya waenda kwa miguu, na kila mwenye kiwanja hujenga anapokuwa tayari. Ni mwendo wa polepole, na ndio tuliouchagua.

Kwa upande wa barabara yenyewe, njia nne zitakuwa tatu, ya katikati ikiwa ya kukunjia. Najua wengi mnahofia foleni. Idara ya barabara kuu ya serikali ya Marekani imeripoti kwamba mabadiliko ya aina hii yamepunguza ajali kwa kati ya asilimia 19 na 47, na huyapendekeza zaidi pale magari hayazidi 20,000 kwa siku. Wahandisi wametuthibitishia kwamba tuko chini ya kiwango hicho.

Sasa nije kwenye kosa letu. Mtaro wa maji ya mvua ulipochimbwa, malango yalizibwa muda mrefu kuliko tulivyoahidiwa, tena katika msimu wa mauzo. Mkataba haukumlazimisha mkandarasi kuacha lango moja wazi, kwa sababu sisi hatukuliandika sharti hilo. Fundi cherehani aliyekuwa fremu ya pembeni, mwanachama tangu chama kianze, alifunga na hajarudi. Nilimtembelea. Aliniambia wateja walikuwa wakipiga simu wakiwa ng'ambo ya shimo, wanauliza wapitie wapi. Kosa ni la kamati, na mimi ndiye mwenyekiti wake. Hakuna mkataba wa ujenzi utakaosainiwa tena bila sharti hilo.

Habari za fundi huyo ndizo zinazonirudisha kwenye kodi. Barabara ikipendeza, kodi hupanda. Hilo halina ubishi. Wanaoondoka kwanza ni kinyozi, fundi na duka dogo, yaani hao hao waliokaa hapa wakati fremu za jirani zimefungwa na taa zimezimika. Wenye majengo nao wana hoja: wamekopa ili wakarabati, na benki haisubiri. Nimekaa na pande zote mbili mara nyingi mwaka huu. Pendekezo ninaloleta ni hili: mpangaji wa sasa apewe nafasi ya kwanza katika jengo lililokarabatiwa, kodi ipande kwa hatua iliyoandikwa kwenye mkataba badala ya kuruka siku moja, na anayepisha ujenzi apewe fremu ya muda ndani ya barabara hii hii. Mpaka lipigiwe kura, sitasaini maombi ya kibali cha awamu ya pili. Nasema hivyo mapema ili asiwepo wa kushangaa.

Kuhusu fedha, mweka hazina atawasomea hesabu. Nitaongeza moja tu. Mwaka 1970 wafanyabiashara wa Bloor West Village, jijini Toronto, walikubali kutozwa wote kwa lazima, baada ya treni ya chini ya ardhi na majumba mapya ya maduka kuwapunguzia wateja. Walianza na taa, miti na mabenchi. Ada yetu ni ya hiari, na taa zinazolipiwa na wachache zinawamulikia wote. Kamati inaomba ruhusa yenu ya kuandaa kanuni ya ada ya lazima kwa kila mwenye kiwanja, kulingana na upana wa uso wa kiwanja chake barabarani.

Wapangaji na wenye majengo wamkabidhi katibu nakala za mikataba ya pango wiki mbili kabla ya mkutano, ili mwanasheria azipitie kabla ya kura. Kivuko kitaanza kujengwa upande wa kituo cha basi, na malango yote ya upande huo yatabaki wazi.