Barua kwa Baba Neema: njoo na lile daftari

Uyole, Mbeya
14 Juni

Ndugu yangu Baba Neema,

Kamwene! Habari za Mafinga, habari za Mama Neema na watoto? Huku kwangu wote wazima. Baridi imeingia hasa, asubuhi sakitu imelala juu ya majani mpaka saa mbili, na mahindi yanaendelea kukaukia shambani. Ndiyo maana nakuandikia sasa, kabla watu hawajaanza kuhangaikia mashine za kupukuchulia.

Unaikumbuka ile ndege ndogo iliyotua uwanja wa zamani pale mjini, tukiwa darasa la tano? Yule rubani akatuita tuisogelee. Bawa lilikuwa chini, usawa wa vifua vyetu, na mlango ulikuwa mmoja tu, upande wa kulia, kwa hiyo hata rubani mwenyewe alipanda bawani kwanza ndipo akaingia. Wewe ulipitisha kidole juu ya mstari wa ribiti zilizoshika mabati yake, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa bawa. Ulisema hakuna hata moja iliyokaa upande. Ubavuni paliandikwa jina, tukalisoma "Pipa".

Ni Piper. Wiki hizi nimekuwa nikisoma habari za kiwanda chake usiku kwenye simu, na kila nikisoma nakuona wewe.

Kiwanda kile hakikuanza kufa jana. Mwaka 1930, kikiwa bado kinaitwa kwa jina la Taylor, kilifilisika kule Bradford, Pennsylvania, na William Piper, mtu wa biashara ya mafuta, akainunua mali yake kwa dola 761. Mwaka 1937 kikaungua. Wakahamia mji wa Lock Haven, wakaingia kwenye jengo la kiwanda cha hariri kilichokuwa kimeachwa, na humo zikatoka zile ndege ndogo za njano zinazoitwa Cub, karibu 20,000 kufikia 1947. Moto na ukata fundi yeyote anavielewa. Kilichoninyima usingizi ni kifo cha 1991.

Wakati huo walishahamia Vero Beach, Florida, na biashara yote ya ndege ndogo Marekani ilikuwa hoi. Mwaka 1978 viwanda vya kule vilitoa ndege zaidi ya 17,000. Mwaka 1994 zilitoka 928 tu. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni kesi: ndege ya miaka thelathini ikianguka, aliyeiunda ndiye aliyekuwa anaburuzwa mahakamani, na gharama hiyo ilikuwa inaingia kwenye bei ya kila ndege mpya. Cessna, kiwanda kingine cha ndege ndogo, waliacha kabisa kutengeneza zile za injini moja ya pistoni mwaka 1986. Mwaka uliofuata Stuart Millar, ambaye mwenyewe alikuwa rubani, akainunua Piper. Alitaka watu wa kawaida wamudu kununua ndege, akashusha bei. Oda zikamiminika. Tatizo ni kwamba ndege zilikuwa zinatoka mlangoni kwa hasara, na kadiri oda zilivyozidi ndivyo shimo lilivyozidi kuchimbika. Julai 1991 kiwanda kikakimbilia ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, huku wateja bado wamepanga foleni.

Baba Neema, hiyo ni karakana yetu. Hatukufunga kwa sababu mashine zetu za kupukuchulia zilikuwa mbaya. Tulipanga bei kabla chuma hakijapanda, tukachukua advansi za watu kumi na wanne, na kila mashine tuliyoitoa tuliilipia sisi. Ya sita ilipoondoka kwenda Mbozi tulipeana mikono tukifurahi, kumbe hela ya pleti ya mashine ya saba tulishaila kwenye ile ya tatu. Wewe uliondoka ukijilaumu kwamba kazi yako ilikuwa ya polepole. Nimelifikiria jambo hilo miezi yote hii na nakuambia si kweli. Bei ndiyo iliyotuua, na bei tuliipanga wote wawili.

Sasa sikiliza walivyofufuka. Miaka minne walikaa chini ya mahakama, wakiendelea kutoa ndege chache chache. Mwaka 1994 ikapita sheria kwamba kiwanda cha ndege ndogo hakishtakiwi tena kwa ndege au kipuri kilichozidi miaka 18, watu wa kazi hiyo wakapumua. Hata Cessna walirudi, wakafungua kiwanda kipya kule Independence, Kansas, mwaka 1996. Ila Piper walichukuliwa Julai 1995 na kampuni ya uwekezaji ya Philadelphia pamoja na wadai wao wenyewe, wakiwemo Teledyne, wenye kutengeneza injini za ndege. Waliokuwa wanadai wakawa wenye mali. Nilisoma hapo mara tatu.

Juzi nikaenda Mwanjelwa kwa yule mzee wa chuma. Nilikuwa na hofu, maana tangu tufunge nilikuwa napita njia nyingine. Nikamwambia deni tunalikubali lote, na tunaomba awe na sehemu yake katika kila mashine tutakayouza, mpaka liishe. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Safari hii mmepiga hesabu?" Nikamwonyesha karatasi: pleti, shafti, beringi mbili, puli, mkanda, vijiti vya kuchomelea, umeme, rangi, halafu mkono wako na mkono wangu, ambao zamani hatukuwahi kuuandika. Alisoma kimya, akaandika pembeni bei ya chuma ya leo. Amekubali kutupa chuma cha mashine mbili.

Wamebaki wale wakulima wanane. Nataka twende kwao sote wawili, nyumba kwa nyumba, tuwaeleze bei halisi, tuwaambie advansi yao bado ipo ndani ya hesabu. Anayetaka hela yake tumpangie tarehe. Najua kuna atakayetufokea, na ana haki.

Jana nilifungua stoo. Ile pipa ya mashine ya saba, uliyoichomelea meno yote ukaondoka kabla hatujaifunga kwenye fremu, bado ipo. Kutu ni ya juu juu. Niliiweka kwenye beringi, nikaisukuma kwa mkono mmoja. Ikazunguka muda mrefu bila kuyumba, na meno yakapita mbele ya macho yangu kwa mstari mmoja.

Panda basi la Jumamosi asubuhi, nitakupokea hapa stendi ya Uyole. Njoo na lile daftari la advansi, liko kwako. Grainda nimeshaichukua kwa shemeji.

Mwenzako,
Baba Lusajo