Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: picha ya uvimbe wa ini isipigwe bila dawa

Ndugu Mganga Mkuu,

Salamu kutoka Ukerewe. Nimemvusha baba yangu mara mbili kutoka Nansio kuja Mwanza kwa ajili ya picha moja. Mara ya kwanza alipigwa CT scan ya tumbo, tukalipa, tukaondoka na bahasha. Daktari aliyeifungua aliinua picha kwenye mwanga, kisha akauliza, "Mbona hawakumchoma dawa?" Hatukujua hata kama kuna dawa ya kuchomwa mshipani ili picha ionekane vizuri. Kumbe siku ile dawa ilikuwa imeisha, na hakuna aliyetuambia. Jina la hospitali silitaji, maana sikuandika ili kumchongea mtu.

Picha ile ilikuwa kijivu tupu. Ini kijivu, uvimbe kijivu, mpaka wake hauonekani.

Ini hupata sehemu kubwa ya damu yake, kama robo tatu, kwa mshipa unaotoka kwenye utumbo. Saratani iliyoanzia kwenye ini lenyewe ina njia nyingine: hunyonya zaidi damu ya ateri, kwa mishipa mipya iliyojichipushia. Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa Boston, aliandika tangu mwaka 1971 kwamba uvimbe wa saratani usipojipatia mishipa mipya hauwezi kukua kupita milimita chache. Basi dawa ikichomwa, mashine hupiga picha kwa awamu. Nusu dakika hivi tangu kuchomwa, dawa ikiwa bado kwenye ateri, uvimbe wa namna hiyo mara nyingi huwaka huku ini likiwa limefifia. Dakika moja na kitu, ini nalo linang'aa. Baadaye uvimbe unabaki mweusi kuliko ini. Daktari anausoma ugonjwa kwenye kuwaka na kufifia huko, na bila dawa hana cha kusoma.

Safari ya pili dawa ilikuwepo. Wengi huiita dawa ya rangi, ila niliiona kwenye bomba, haina rangi yoyote, ni kama maji. Ayodini iliyomo ndani yake ndiyo inayozuia mionzi na kuichora mishipa. Muuguzi alimwinamia baba akamwambia, "Mzee, utasikia joto kooni, litashuka mpaka kiunoni, utadhani umejikojolea. Hujajikojolea. Tulia tu." Maneno hayo hayakugharimu hata shilingi, na baba anasema ndiyo yaliyomfanya asiruke kitandani. Kwenye benchi nje palikuwa na mama aliyeshaaga kuondoka, kwa kuwa kijijini kwao aliambiwa sindano ile huwamaliza wenye kansa. Baba alikaa naye, akamsimulia lile joto. Yule mama akabaki.

Baba ni mvuvi wa dagaa. Alipowekewa picha zote mbili mbele yake alizitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ile ya kwanza walivua bila taa."

Ninaloomba ni hili. Dawa ikiwa imeisha, mgonjwa wa uvimbe wa ini aambiwe kabla ya kulipa, ili achague kusubiri au kwenda kwingine, isipokuwa awe na hali ya dharura. Kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha kama figo zitaimudu dawa, kifanyike wilayani kabla ya safari, majibu yaandikwe kwenye rufaa pamoja na mzio wowote alionao mgonjwa. Wenzetu wa Kome na Ukara wanauza nyavu kupata nauli. Wasije kugundua mlangoni kwamba kipimo hicho hakipo. Na yale maneno ya muuguzi yabandikwe ukutani kwenye chumba cha kusubiria, kwa Kiswahili, herufi kubwa.

Visiwani kwetu kichocho na homa ya ini si mambo ya kusimuliwa. Watu wenye matumbo yaliyojaa watazidi kupanda boti ya asubuhi.

Baba anarudi kliniki wiki ijayo. Tutakuja na bahasha zote mbili, na ukitaka kuziona tutakuletea ofisini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Nansio, Ukerewe