Sarafu ya Paa

Kuala Lumpur

Kwako ndugu yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Mimi sijambo, na natumai wewe na jamaa wote huko Mombasa mu wazima.

Ombi lako la kununuliwa sarafu ya dhahabu ya masultani wa Kimalei lilinipeleka hadi makumbusho ya Benki Kuu ya Malaysia, na kabla sijakujibu naomba nikueleze nilichokiona. Nilitarajia vipande vizito vya kujaza kiganja, kumbe ile ya Kelantan, jimbo la Malaysia, iitwayo kijang, yaani mnyama paa, haizidi kifungo cha shati. Uzito wake ni nusu gramu na ushei, na ikidondoka mkekani utaitafuta hadi magharibi. Upande mmoja amechorwa mnyama kwa mistari michache, na upande wa pili kuna maneno ambayo hata wewe ungeyaelewa bila mkalimani: Malik al-Adil, mfalme mwadilifu.

Mfalme yupi? Utamu uko hapo, kwani sarafu haitaji jina wala mwaka. Wenyeji husimulia kuwa malkia wao, Cik Siti Wan Kembang, alifuga paa akampenda hadi akamtia kwenye sarafu zake. Wengine husema mnyama huyo ametokana na fahali wa sarafu za Kusini mwa India. Mimi naelemea kwa malkia, ingawa hoja sina. Pasai, kule Sumatra, walifanya kinyume: Sultani Muhammad, aliyetawala tangu 1297 hadi 1326, alitia jina lake kwenye sarafu ndogo vilevile, kama alivyofanya al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa yetu. Ajabu ni kwamba Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika kote kuwili, Kilwa mwaka 1331 na Pasai mwaka 1345.

Sasa turudi kwenye ombi lako. Sarafu isiyo na jina wala mwaka ni rahisi kughushiwa. Muuzaji mmoja alinitolea paa watano waliofanana hadi mikwaruzo, ilhali sarafu hizi zilifuliwa kwa mkono, moja moja, na hakuna mbili zinazolingana sawasawa. Nilimshukuru nikaondoka. Fedha yako ninayo kamili. Niandikie kama nikurudishie, au nimnunulie shemeji kitambaa cha batiki.

Wasalaam,
Rafiki yako