Ekari, futi na debe si vipimo vya kienyeji

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa mavuno ukiwadia, magazeti hurudia onyo lile lile: wakulima na wanunuzi waachane na "vipimo vya kienyeji", yaani debe, lumbesa, hatua na futi, washike mita na mizani. Onyo ni jema, na hatulipingi. Kinachotukwaza ni hilo neno "kienyeji". Debe halikubuniwa Uzaramo wala futi haikupimwa kwa mguu wa Mnyamwezi. Vipimo hivi vilishushwa bandarini wakati wa ukoloni, na kila kimoja kina sababu ya kuja kwake. Anayeijua sababu hiyo hujua pia ni wapi hasa anapopunjwa.

Vya kienyeji vilikuwapo. Kitambaa kilipimwa kwa shubiri na mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: mikono 2 ni wari, mikono 4 ni pima, mikono 8 ni doti. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, vibaba 4 vikafanya pishi. Bidhaa nzito kama karafuu na pembe zilihesabiwa kwa frasila, ratili 35, karibu kilo 16. Tusivipambe, mwenye duka mwenye mkono mfupi alikuwa na faida yake hata wakati ule. Leo doti imebaki jina la jozi ya khanga, na pishi husikika zaidi mwisho wa Ramadhani watu wanapotoa zakatul-fitri. Vingine vimekwisha. Walioviua ndio walioleta hivi tunavyoviita vya kienyeji sasa.

Jambo linalosahaulika ni kwamba Tanzania Bara ilianza na mita. Wajerumani walikuwa wameshaacha vipimo vyao vya zamani tangu 1872, hivyo walipokuja huku walikuja na mita na kilo, kama walivyotuachia "shule" na, baada ya kubadili sarafu yao mwaka 1904, "hela". Mwaka 1916 Waingereza walipoingia Dar es Salaam wakaleta futi, yadi, ratili, galoni na ekari. Mwishoni mwa miaka ya 1960, tukiwa huru, tukarudi kwenye mita. Kwa hiyo hiyo mita "ya kisasa" iliitangulia futi kufika Morogoro na Tabora.

Reli zimeyahifadhi haya kuliko maandishi. Reli ya Kati, iliyoanzwa Dar es Salaam 1905 ikafika Kigoma 1914, ina upana wa mita 1 kamili. Waingereza, watu wa maili na futi, nao waliijenga ile ya Mombasa hadi Kisumu kwa upana huo huo, kwa kuwa vifaa na mafundi walitoka India, ambako reli za mita 1 zilikuwapo tayari. Ndiyo maana wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliweza kuunganisha Voi, kwenye reli yao, na Kahe, kwenye reli ya Wajerumani ya Tanga, na mabehewa yakapita bila taabu. TAZARA, reli ya kwenda Zambia, ilipokuja ilifuata upana wa kusini mwa Afrika, futi 3 na inchi 6, yaani milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja, na kwa ajili ya hiyo shehena hushushwa na kupakiwa upya Kidatu. Sasa tuna na ya tatu, SGR, milimita 1,435. Usidhani ni namba ya mita: ni futi 4 na inchi 8 na nusu.

Turudi shambani, maana huko ndiko pesa inakopotea. Ekari ni yadi za mraba 4,840. Mpimaji wa Kiingereza aliipata kwa mnyororo wa futi 66: minyororo ya mraba 10 ni ekari moja. Asiye na mnyororo akahesabu hatua, na kwa kuwa kipeuo cha pili cha 4,840 ni 69.57, ikakubalika kuwa ekari ni "hatua 70 kwa 70". Hesabu hiyo ni sahihi kwa sharti moja tu, kwamba kila hatua iwe yadi moja, sentimita 91. Hiyo ni hatua ya mtu mrefu anayejitanua makusudi. Mtu wa kawaida akitembea bila kujilazimisha huenda sentimita 75 hivi. Basi hatua zake 70 ni mita 52.5, na "ekari" yake ni mita za mraba 2,756 badala ya 4,047. Amepata ekari 0.68.

Angalia matokeo yake. Mwenye trekta hulipwa kwa ekari, naye humtuma kijana wa hatua fupi. Mnunuzi wa shamba hutembea kama anaruka mfereji. Bwana shamba akisema mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia wa kilo 50 kwa ekari, mkulima anaumwaga wote kwenye ekari 0.68, yaani karibu mara moja na nusu ya alichoambiwa. Na takwimu nazo huharibika: gunia 10 zilizovunwa kwenye "ekari" hiyo ni sawa na gunia karibu 15 kwa ekari ya kweli, kwa hiyo mkulima hodari anaandikwa mzembe.

Anayetaka ekari bila ubishi apime mita 50 kwa mita 81. Inatoka 4,050, ziada ya mita za mraba 3 tu. Kama shamba ni la mraba, ni mita 63.6 kila upande. Pembe zihakikishwe kwa kamba: mita 6 upande mmoja, mita 8 upande wa pili, na kati ya ncha hizo mbili lazima ziwe mita 10. Zikipungua au kuzidi, pembe imelala. Tumieni tepu. Kamba ya nailoni huvutika ikikazwa, na ya katani hufupika ikilowa. Asiye na budi ila hatua, atandike kwanza mita 50 kwa tepu, azitembee kwa mwendo wake wa kawaida, agawanye. Akipata hatua 66, kila hatua yake ni sentimita 76 hivi, na ekari ya mraba kwake ni hatua 84 kwa 84.

Kwenye viwanja vya mjini ni balaa zaidi, maana pale hata jina la kipimo halitajwi. "Nauza 20 kwa 20." Ishirini za nini? Za mita ni mita za mraba 400. Za hatua ya sentimita 75 ni 225. Mnunuzi analipia kiwanja anaenda na nusu yake na kidogo, na karatasi ya mauziano, yenye sahihi za mashahidi wote, imeandikwa "20 x 20" bila neno jingine. Neno "mita" halina gharama. Liandikwe kila baada ya namba, na mipaka ipimwe mashahidi wakiwapo, kabla fedha hazijahesabiwa.

Sasa debe. Jina ni la Kihindi na bati lilikuwa la mafuta ya taa, yaliyosafirishwa kwenye kasha la mbao lenye mabati 2, kila moja galoni 5 za Kimarekani, lita 18.9. Yakiisha mafuta, bati halikutupwa: likawa la maji, la kuchemshia, la kupimia, na hatimaye likaingia kwenye methali na kwenye kazi ya wapiga debe wa stendi. Kwa galoni za Kiingereza lilihesabiwa kuwa 4, yaani lita 18.2. Ndoo ya plastiki iliyorithi jina ni lita 20. Kwa hiyo neno moja lina ujazo wa aina 3, na kati ya mdogo na mkubwa kuna tofauti ya asilimia 10.

Chukua mahindi makavu, lita moja kilo 0.74 hivi. Debe la bati lililosawazishwa kwa kijiti lina kilo 14. Ndoo ya lita 20 iliyosawazishwa ina kilo 14.8. Lakini sokoni debe 6 ni gunia, na gunia ni kilo 100. Zidisha: 6 mara 14 ni 84, 6 mara 14.8 ni 88.8. Ili debe 6 zifike kilo 100, kila moja lazima liwe na lita 22.5. Hizo lita za ziada ndizo zinazoitwa "kichwa", ule mlima juu ya mdomo wa debe. Kichwa hakina kipimo. Kinategemea mkono wa anayemimina na ukavu wa nafaka. Kitako nacho kina siasa yake: debe la kuuzia hubonyezwa kuelekea ndani, la kununulia husukumwa nje. Bati lenye kitako cha sentimita 23.5 kwa 23.5 likibonyezwa sentimita 2 hupoteza lita 1.1, kilo 0.8 za mahindi. Kwa gunia ni karibu kilo 5. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu huligeuza debe kwanza kabla ya kuuliza bei.

Gunia lilikuja na nyuzi laini za Bengal ziitwazo juti, na kwa mahindi lilipangiwa ratili 200. Jirani zetu wa Kenya walipohamia kilo, ratili 200 zikawa 90.7, wakakata hadi 90, na bei zao bado hutangazwa kwa gunia la kilo 90. Letu ni kilo 100. Anayelinganisha bei ya "gunia" pande mbili za Namanga bila kugawanya anajidanganya kwa sehemu moja ya kumi.

Kuhusu lumbesa, sheria ya vipimo inakataza kifungashio cha mazao kinachozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo huwakamata watu. Lumbesa haifi kwa sababu mpagazi hulipwa kwa gunia, lori hulipwa kwa gunia, na mara nyingi ushuru kwenye kizuizi nao hutozwa kwa gunia. Mfanyabiashara anayeshonea viazi vya kilo 40 juu ya mdomo wa gunia amesafirisha kilo 40 bila nauli. Mizani ikiwekwa kizuizini na ushuru ukatozwa kwa kilo, faida hiyo inapungua hapo hapo, kabla ya polisi kuitwa.

Dukani kwa vifaa vya ujenzi mambo ni ya kificho zaidi. Geji ya bati ni namba ya zamani ya viwanda vya waya vya Uingereza, na inakwenda kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Kwa jedwali la Kiingereza geji 28 ni milimita 0.376, geji 30 ni 0.315 na geji 32 ni 0.274. Nchi nyingine zina majedwali yao, namba ile ile unene mwingine, kwa hiyo "geji 30" peke yake haijasema kitu. Ulizeni milimita, na fundi awe na mikromita. Bati lipimwe ukingoni, mahali pasipo mkunjo.

Urefu nao una mtego. Bati la futi 10 ni mita 3.048, lakini mengi yanayouzwa kwa jina hilo ni ya mita 3. Mwezekaji aliyepiga hesabu ya kenchi kwa futi, mabati 2 kila mteremko, anapungukiwa karibu sentimita 10. Hatazidai dukani. Atazitoa kwenye pale bati linapolalia jingine: sentimita 15 zinabaki 5, na mvua ya upepo inapenya. Lawama atapata fundi. Mabomba tuyapitie haraka: la "nusu inchi" halina nusu inchi popote ukilipima kwa nje, ni milimita 21 hivi, na kwa mabomba ya plastiki ya PPR nusu inchi huendana na namba 20, robo tatu na 25, inchi moja na 32.

Tunaomba mambo mawili kwa gazeti lenu. Mnapochapisha bei ya gunia, andikeni ni la kilo ngapi, na mnapochapisha tangazo la kiwanja, msilipokee bila mita za mraba. La tatu ni la kurasa za michezo: mwandishi wenu anapenda kuandika kwamba mpira ulipigwa "nje kidogo ya mita 18". Ni yadi 18. Kwa mita ni 16.5.

Wasomaji wenu, wapimaji na walimu wa ufundi
Morogoro